Dondoo muhimu: Kupima hatari kabla ya kujenga upya katikati ya mji

Jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, lililoporomoka Novemba 16, 2024, na lile la ghorofa 16 la Mtaa wa Indira Gandhi jijini humo, lililoporomoka na kuua watu 36 Machi 29, 2013, yanaonyesha kwa nini hatari hupimwa mapema.

1. Anza na majirani: piga picha kila ufa wa nyumba zinazopakana na kiwanja, andika tarehe, kisha bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa mkubwa. Kikivunjika, ukuta unasogea. Simamisha kazi, watu watoke, na mhandisi aitwe siku hiyohiyo.
2. Usichimbe chini ya jengo lenye watu. Wapangaji na maduka wahame kwanza, hata hasara ikiwa kubwa.
3. Pima udongo wa kiwanja chenyewe. Ripoti ya kiwanja cha jirani haitoshi.
4. Kuwa mwangalifu na pampu: kuvuta maji ya ardhini kwaweza kudidimiza msingi wa jirani.
5. Usiongeze ghorofa juu ya msingi wa zamani kabla mhandisi aliyesajiliwa hajakokotoa uzito upya.
6. Hesabu ghorofa zinazojengwa, ulinganishe na kibali.
7. Chukua sampuli kila zege linapomwagwa. Zipimwe siku ya 7 na ya 28. Kosa la kawaida ni kung'oa mapema miti inayoegemeza zege ili kuwahi kupangisha.
8. Tafuta nyaya na mabomba kabla ya kuchimba.
9. Ukibomoa jengo la zamani, lowanisha mabati ya asbestosi; yasivunjwe.