Kwa Nini Ndama Mchanga Huzimika Figo Anapoharisha

Mfugaji wa Free Area aliyewahi kupoteza ndama wa siku tatu hujiuliza: mbona ng'ombe mkubwa huharisha siku nyingi akapona, ilhali ndama asubuhi anayumbayumba na jioni ni mzoga? Sehemu ya jibu imo katika figo.

Figo huchuja damu, na sharti damu iifikie kwa wingi. Kwa mtu mzima, figo zote mbili hupata karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo. Mchanga hapati kiasi hicho. Alipokuwa tumboni, taka zake ziliondolewa na kondo la nyuma, hivyo anazaliwa mishipa ya figo ingali imebana. Mengi ya haya yalijulikana kwa kuchunguza wanakondoo, vitoto vya nguruwe na vya sungura.

Sasa tuzitazame homoni. Maji yakipungua mwilini, figo hutoa renini, iliyogunduliwa mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman mjini Stockholm, katika figo za sungura. Renini huanzisha utengenezaji wa anjiotensini, nayo hukaza mishipa. Vasopresini kutoka ubongoni huongezea. Kusudi ni jema: damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Ni kama kukanyaga mpira wa maji ili bomba jingine lipate nguvu. Bustani iliyo mwisho wa mpira huo, yaani figo, huambulia matone. Asidi na potasiamu hurundikana katika damu, na potasiamu ikizidi moyo husimama. Ndiyo maana ndama hafiki jioni.

Kinachoiokoa figo kwa muda ni prostaglandini, ambazo hulegeza mshipa unaoingiza damu ndani yake. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hukimbilia duka la agroveti, akanunua sindano ya maumivu kama flunixin na kumdunga ndama aliyekauka. Dawa hiyo huzima prostaglandini, na kizuizi hicho kikaondoka. Maji yenye chumvi na glukosi yatangulie, maziwa yasikatizwe, na dawa ya maumivu iamuliwe na daktari wa mifugo. Vuta ngozi ya shingo: ikikawia kurudi, au macho yakiwa yamezama, usingoje. Akishindwa kusimama au kunyonya, anahitaji maji ya mshipani.

Binadamu naye yumo. Watoto njiti wanaopewa indomethasini au ibuprofeni kufunga mshipa ulio karibu na moyo hupimwa figo kwa sababu iyo hiyo. Mnamo Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wajawazito waepuke dawa za jamii hii kuanzia wiki ya 20, maana huweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Tembe hizi huuzwa madukani kama peremende! Mama mjamzito anayeumwa na mgongo aulize kwanza kliniki, na mtoto aliyezaliwa ambaye saa 24 zimepita bila kukojoa aonwe na daktari siku hiyo hiyo.