Pikapu kubwa mupya: tuhesabu mifuko mbele ya kutoa franka

Somo la kusoma pamoja katika mukutano wa koperative



Kisha mavuno ya muhindi koperative nyingi zinakuwa na franka kidogo ndani ya sanduku, na maneno ya kununua motokari yanaanza. Katika mukutano mumoja wa wajumbe hapa Makomeno, kijana alipitisha telefone yake mukono kwa mukono. Ndani mulikuwa picha ya Toyota Tundra, pikapu kubwa ya Marekani, ile yenye sura mupya. Akasema: "Bapapa, muangalie hii! Na hii, muhindi yetu yote itafika Lubumbashi." Mama mumoja wa barabara ya Kasenga akamuuliza: "Mwanangu, iko muzuri. Lakini inabeba mifuko ngapi?" Watu wakanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Somo la leo linajibu swali la yule mama.

1. Nini imebadilika katika hii pikapu?

Tundra inatengenezwa San Antonio, katika jimbo la Texas, hasa kwa soko la Amerika ya Kaskazini. Kwa mutindo wa mwaka 2022 Toyota iliibadilisha karibu yote. Mambo matatu yanatuhusu sisi wakulima.

Moteri: ile ya zamani ya silinda 8 na lita 5,7 iliondolewa. Mupya iko na silinda 6, ni ndogo zaidi, lakini inasaidiwa na turbo mbili. Inakunywa esanse, hainywi mazutu.

Resori za nyuma: zamani zilikuwa za lamu, vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Sasa ni za kuzunguka, kama waya nene iliyosokotwa.

Sanduku la nyuma: si la chuma tena. Ni la plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi.

2. Uzuri wake

Tusiseme uongo: ni motokari yenye nguvu. Inaweza kuvuta remoroke ya kilo 5.400 hivi, ikiwa ni ule mutindo unaovuta zaidi, barabara ni nzuri na remoroke iko na freni zake. Ile ya 4x4 inasaidia wakati wa mvua, mwezi wa kumi na moja mupaka wa ine, njia za shamba zikiwa matope. Sanduku lake halishikwi na kutu, hata mukibeba mbolea ao chumvi ya samaki. Usukani uko upande wa kushoto, sawa sheria yetu ya Kongo ya kutembea kuume. Motokari nyingi za Japani zinazopita Dar es Salaam na Zambia ziko na usukani kuume, na shofere anapotaka kupita kamyo haoni vizuri mbele.

Na ndani watu wanakaa vizuri. Mugonjwa, mama mwenye mimba, wajumbe wa mukutano: wote wanasafiri bila kuumia.

3. Ubaya wake kwetu

Kwanza, uzito. Macho yanadanganya. Motokari ni kubwa, lakini ule mutindo unaobeba zaidi umepewa kilo 880 hivi, na ndani ya hizo kilo 880 munahesabu pia shofere na watu wote. Mukipakia zaidi, resori za kuzunguka zinalala, na makaniki hawezi kuongeza lamu moja sawa vile anavyofanya kwa resori za zamani.

Pili, turbo. Turbo inataka mafuta ya moteri safi, yabadilishwe kwa wakati, na filtre isiyojaa vumbi. Katika kiangazi, vumbi nyekundu ya barabara zetu inaingia kila mahali. Esanse ya bidon inayouzwa kando ya njia, mara ingine yenye maji ndani, ni sumu kwa moteri ya namna hii.

Tatu, mapiese na makaniki. Hilux na Land Cruiser, makaniki wengi wa hapa wanazijua kwa mikono. Tundra ni chache. Piese moja ikikosa, motokari italala ndani ya garaji, na nyanya zitaozea shambani.

Ine, kuitwa kwa motokari. Mwezi wa tano 2024, Toyota iliita motokari karibu 102.000 huko Marekani, Tundra za mitindo ya 2022 na 2023 pamoja na Lexus LX. Sababu: takataka za kukata chuma ziliweza kubaki ndani ya moteri wakati wa kuitengeneza, na moteri inaweza kugonga ao kuzimika njiani. Mwenye motokari huko anapata barua, na kazi inafanywa bure. Lakini ile iliyonunuliwa okazyo na kuletwa na meli, nani ataandikia koperative yenu barua? Kwa hiyo mbele ya kulipa, muombe namba ya shasi na mutafute mutu wa kuiangalia katika intaneti kama iliitwa na kama ilitengenezwa.

4. Tufanye hesabu

Tuseme koperative iko na tani 30 za muhindi, katika mifuko ya kilo 50. Kijiji kiko kilometa 60 na muji, maana kwenda na kurudi ni 120.

Pikapu: kilo 880, munatosha shofere na musaidizi, kilo 140. Inabaki 740, ni mifuko 14, kilo 700. Tani 30 zinataka safari 43, ni kilometa 5.160. Tuweke lita 15 kwa kilometa 100, juu ya barabara mbaya na mizigo. (Kwa barabara nzuri za Marekani ni kama lita 12.) Jumla: lita 774.

Kamyo ndogo ya tani 3: safari 10, kilometa 1.200. Tuweke lita 20 kwa kilometa 100. Jumla: lita 240.

Mumeona? Kamyo inakunywa zaidi kwa kila kilometa, lakini kwa kazi yote inakunywa kidogo mara tatu. Na shofere wa pikapu atatembea siku 43 kama anafanya safari moja kwa siku. Wakati huo bei ya muhindi haitawangojea.

Ndiyo jibu la yule mama: mifuko 14.

5. Basi pikapu haifai?

Inafaa kwa kazi yake. Koperative ya mboga, mayai ao samaki, yenye mizigo midogo ya kila siku inayotaka kufika mapema sokoni, inaweza kupata faida na pikapu. Lakini hata hapo, ndogo ya mazutu yenye mapiese karibu inaweza kutosha. Koperative ya muhindi yenye mavuno mara moja kwa mwaka inapaswa kwanza kuuliza bei ya kukodi kamyo kwa siku 10. Kamyo ya kukodi, ikiharibika, mwenyewe ndiye anatengeneza.

6. Mukikata shauri kununua

Shauri likatwe na mukutano mukubwa wa wanachama wote, si na prezida na mwenye sanduku peke yao. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake ya koperative inapatia mukutano mukubwa nguvu hiyo.

Karte roze iandikwe jina la koperative. Ikiandikwa jina la mutu, siku akifa ao akihama, jamaa yake itadai motokari.

Hesabuni pia asiranse, vinyeti, mapine na mushahara wa shofere. Kila safari, muweke franka kando kwa siku ya kutengeneza.

Shofere aandike katika daftari: tarehe, kilometa, lita, mizigo, nani amelipa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Zoezi

Katika mukutano wenu ujao, muandike ubaoni: (a) kilo zote tunazosafirisha kwa mwaka, (b) kilometa mupaka soko, (c) miezi ambayo motokari itakaa bila kazi, (d) jina la makaniki wa karibu anayejua aina hiyo. Mufanye hesabu ya namba 4 na namba zenu wenyewe, kwa pikapu na kwa kamyo ya kukodi. Muombe vijana wasome hesabu kwa sauti, na wazee waulize. Kama namba (d) inabaki wazi, musilipe bado.