Chaja ya BYD, gari la Nissan

SWALI: Mume wangu ana gari la umeme la BYD, na chaja yake yenye plagi ya Type 2 imefungwa ukutani kwetu Nairobi. Nimeagiza Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani. Je, ninunue chaja nyingine?

JIBU: Hapana, dada, usitupe pesa. Kisanduku cha ukutani hupitisha tu umeme wa nyumbani kwa usalama na kuliarifu gari livute ampea ngapi. Chaja halisi imo ndani ya gari, na mawasiliano hayo hufuata kanuni ya kimataifa ambayo BYD na Nissan wote wanaifuata.

Tofauti iko kwenye plagi. Leaf za Japani zina tundu la Type 1 lenye pini 5. Type 2 ina pini 7. Kama kisanduku chenu kina soketi, nunua kebo ya Type 2 kwenda Type 1. Kama kebo yake haichomoki, tafuta adapta bora inayohimili ampea 32. Tundu kubwa la CHAdeMO liache. Hilo ni la vituo vya kuchaji haraka.

Hata kama kisanduku chenu kinatoa kilowati 7, usihofu kwamba kitaiunguza Leaf. Gari huchukua kiasi linachomudu tu, mara nyingi kilowati 3 au 6.

Kabla ya kulipia kebo au adapta, hakikisha kisanduku hakijafungwa kwa kadi au programu ya simu. Kisha mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, akague nyaya na waya wa ardhini. Hapo msibane matumizi.