Pilipili si dawa ya kidole

Ukipanga chumba Igogo, mtoto wa mama mwenye nyumba ni mdogo wako. Basi somo hili linakuhusu, hata kama huna mtoto.

Kunyonya kidole si utukutu. Wapo wanaoanza tumboni mwa mama. Wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Shida ni akiendelea hadi meno ya kudumu yanaota, karibu miaka 6: ya mbele husukumwa nje. Tena kidole chenye udongo hubeba mayai ya minyoo.

Sasa pilipili? Akifikicha macho yanaungua, na akiogopa anarudi kwenye kidole kilekile, maana ndicho kinachomtuliza. Kumcheka nako ni hivyo hivyo.

Kwa siku tatu, angalia ananyonya saa ngapi. Akisinzia? Akiwa na njaa? Au mama akichelewa kurudi na beseni lake la dagaa? Anzia hapo. Mpe mikono kazi: kuchambua mchele, kusuka mpira wa makaratasi. Wekeni ishara yenu ya siri ya kumkumbusha. Akipitisha jioni moja bila kidole, msifu. Akifika miaka 6 bado ananyonya, mshauri mama ampeleke kwa daktari wa meno.