Kwenda Kasongo kwa Njia ya Kabambare: Shuka Kwanza, Usalimie

Dagaa wangu wa Kigoma walifika Kasongo, Kongo, gunia zima, pungufu ya kikombe kimoja nilichotoa kwa hiari yangu. Nina furaha nao hadi leo, na hadi leo nina kinyongo na kijana mmoja wa kizuizi cha barabarani aliyetaka nusu ya gunia hilo. Tangu nirudi, ndugu zangu Wamanyema wa Ujiji, Tabora na Kariakoo wananipigia simu: njia ikoje, nauli kiasi gani, tule nini, tuvae nini? Basi niandike mara moja, kila mtu asome.

Mambo ya kawaida nayapita mbio. Chukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dola ziwe safi, bila mchaniko wala alama ya wino, maana noti iliyochanika pembeni hakuna atakayeipokea. Kwa matumizi madogo badilisha upate faranga za Kongo. Nenda kati ya Juni na Agosti, mvua ikiwa imekatika. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Ukifika, pita ofisi ya uhamiaji, DGM, ujiandikishe. Na barua yoyote ya kuonyesha ofisini iandikwe kwa Kifaransa, kwa sababu Kiswahili chetu kinafungua kila mlango wa nyumba kule, ila mafaili yanasoma Kifaransa.

Njia niliyopita mimi ndiyo ile ya misafara ya karne ya 19: Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kabambare, Kasongo, na mbele yake Nyangwe kwenye mto Lualaba. Wazee walikuwa wakishukia Mtowa. Sisi tunashukia Kalemie, kusini kidogo ya hapo. Viatu viwe vya kufunga hadi juu ya kifundo. David Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu, na matope ya njia ile hayajapata huruma tangu siku hizo.

Sasa hatua zenyewe. Hatua ya kwanza ni mzigo, na mzigo wa heshima ni dagaa. Kule mawese wanayo, mchele wanalima wenyewe na ni mtamu, sombe, yaani kisamvu chetu, imejaa kila shamba. Usiwapelekee walichonacho. Dagaa wa ziwa letu ndio watakaofanya nyumba nzima itoke nje kukupokea. Lakini nunua Kibirizi, pale Kigoma, kwa macho yako, na nunua waliokaushwa kwenye chanja. Kuna mama mmoja wa sokoni, jina lake nalihifadhi, aliyeniuzia siku za nyuma dagaa wa juu weupe wazuri, na chini ya gunia mchanga mtupu. Nilipeleka aibu ile msibani kwa watu. Tangu hapo mkono wangu unaingia hadi chini ya gunia kabla pesa haijatoka, muuzaji anune asinune.

Hatua ya pili ni motari, yaani dereva wa pikipiki. Ninapenda TVS kwa safari ya mzigo, ila namchagua mtu kabla ya pikipiki. Mtazame anavyofunga mzigo wa mteja mwingine. Akiufunga kwa kamba za mpira wa tairi, akauvuta, akautikisa, akaurudia, huyo ni wako. Mkubaliane mbele ya mashahidi nani analipa mafuta, nani analipa mtumbwi wa kuvuka mto Luama, na nani anasema nini kwenye vizuizi.

Hapa kwenye vizuizi ndipo nataka mnisikilize, maana safari yote iko hapa. Motari wangu, kijana wa Kalemie mwenye adabu sana, alizima pikipiki hatua kadhaa kabla ya mti uliolazwa njiani. Akaniambia, "Mama, huku tunashuka." Nikashuka. Akaniomba nivue kofia ngumu na miwani ya vumbi, uso uonekane. Tukasogea kwa miguu, yeye akisukuma pikipiki. Chini ya kibanda walikuwepo watu wa kila umri, na yeye alianza kwa mzee, akashuka umri kwa umri hadi mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi. Mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko. Jambo baba, jambo mama, habari ya kazi, mvua ikoje huku. Karatasi zilibaki mfukoni. Alinieleza baadaye kwamba mgeni anayekuja na karatasi mkononi anaonekana amekuja kushindana, na mwenye kizuizi naye atashindana.

Kisha unakaa. Kama kuna benchi, kaa. Kama hakuna, simama upande wa kivuli, utulie. Utaulizwa, "Unaenda kwa nani?" Jibu kwa mpangilio huu: jina la mwenyeji, ukoo wake, kijiji chao, halafu ndiyo mtaa anaokaa mjini. Baada ya hapo wakitaka karatasi, toa. Wakitaja malipo, omba risiti kwa sauti ya kawaida. Nimeona watu waliobaki juu ya pikipiki, wamevaa kofia, wanapunga pasipoti hewani, wakikaa kizuizini hadi jua linazama, na sisi tumeshapita.

Basi jioni moja, Kasongo ikiwa karibu, tukakuta kizuizi kimoja ambapo kijana asiye na sare alikuwa ameshashika kamba ya gunia langu kabla sijamaliza salamu. "Mama, samaki hii ni ya biashara," akasema. "Tutagawa." Damu ilinichemka. Nilijua nilivyowachagua wale dagaa, nilijua nilivyowavusha ziwa. Lakini mkono wangu ulikuwa mkononi mwa mzee mmoja aliyekuwa akisuka kikapu, na salamu haikatwi katikati. Nikamaliza kwake, nikaenda kwa wa pili, na wa tatu, kijana akiendelea kufungua fundo. Nilipofika mwisho nikarudi kwa mzee nikakaa karibu naye.

"Unaenda kwa nani, mama?"

Nikamtaja mjomba wangu, nikataja ukoo, nikataja kijiji alikozaliwa bibi. Mzee akaweka kikapu chini. "Wewe ni wa Ujiji?" "Wa Ujiji, baba." Akaniuliza upande wa mama, nikamjibu. Akaniuliza kama bado kuna watu wanaokumbuka nyimbo za jando la kwao, nikamwambia wapo, wachache. Ndipo akamgeukia kijana, bila kupandisha sauti: "Acha mzigo ya watu." Fundo likafungwa upya, tena na mikono ile ile iliyolifungua. Mimi nikalifungua mwenyewe, nikapima kikombe kimoja, nikamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Nilitoa kwa sababu alikuwa amenipa ukoo wangu pale barabarani. Yule kijana sikumpa hata mkia mmoja.

Hatua zilizobaki zinafuata mkondo huo huo. Mjulishe mwenyeji mapema ili jina lako litangulie. Ukifika, akupeleke kwa mkuu wa mtaa kabla ya kulala usiku wa pili. Bendera ikipandishwa asubuhi au kushushwa jioni kwenye ofisi ya serikali, simama pale ulipo hadi imalizike. Hata pikipiki zinasimama. Usipige picha ya daraja, ya askari, wala ya kivuko. Chakula cha kwanza usikikatae, hata kama umekula njiani. Kwa wenyeji wangu firigisi ya kuku iliwekwa kwenye sahani ya mgeni, na macho yote yalingoja niile.

Jambo moja linanigusa moyo, na naomba wageni walizingatie. Usifungue mazungumzo kwa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Ni kweli Kasongo ilikuwa makao yake, na majeshi ya Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, yaliiteka mwezi Aprili 1893. Kasongo ya zamani ndiyo panapoitwa Tongoni, mji wa leo uko mahali pengine. Lakini kule wajukuu wa waliokuwa na bunduki na wajukuu wa waliofungwa kamba wanaswali msikiti mmoja, wameoana, wanazikana. Na sisi wa Ujiji tulivuka ziwa katika misafara hiyo hiyo, wengine wamebeba pembe, wengine wameuzwa pamoja nazo. Subiri mzee alianzishe mwenyewe. Akilianzisha, funga mdomo usikilize.

Kabambare ni nchi ya Wabangubangu, watu wakarimu kupita kiasi, ila ni nchi yenye dhahabu pia, na penye dhahabu kuna bunduki. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila, ulisimamishwa mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Usiulize bei ya dhahabu hata kwa udadisi tu. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, waulize waliofika jana kutoka unakokwenda. Habari za juma lililopita hazifai. Wakikuambia subiri, subiri. Mimi nilisubiri, na nilikula mchele mzuri nikisubiri.

Ila hayo yote hayatasaidia kama huna la kujibu ukiulizwa unaenda kwa nani. Mwenye mzee hai nyumbani, aketi naye wiki hii na kalamu: kijiji, ukoo, mto ulio karibu, jina la chifu wa wakati ule, na upande wa mama usiachwe. Usiridhike na "Juma wa Kasongo". Akina Juma wa Kasongo ni wengi mno.