SOMO LA UFUNDI: KUFUFUA TRAKTA NDOGO YA ZAMANI

Mara nyingi mu gazeti letu hili mnasoma habari za kwaya, za mpira na za mitihani. Safari hii sisi wa mwaka wa sita tunaleta somo la mikono. Wengi wenu mmesikia ule mlio nyuma ya jikoni ya interna kila siku ya posho. Wengine wametuuliza: «Ile mashine iliyokufa, nani aliifufua, na kwa dawa gani?» Tutajibu hapa hatua kwa hatua. Tutasema pia kosa tulilofanya, maana wadogo zetu watakaoshika kazi hii nyuma yetu wanapaswa kulijua.

1. Mashine yenyewe

Ni trakta ndogo ya bustani, jina lake Cub Cadet. Ilitengenezwa Marekani, mu mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, na kampuni International Harvester. Kampuni hiyo ilijulikana sana kwa matrakta ya shamba yaitwayo Farmall. Tangu 1947 walikuwa na moja ndogo, Farmall Cub. Kisha, kwa mwaka wa 1961, wakaleta hii ndogo zaidi, kwa watu wenye bustani na majani ya kukata. Aina hiyo ya kwanza ilidumu mpaka 1963, ikafuatwa na zingine. Mu 1981 kampuni iliuza kazi ya Cub Cadet kwa wengine. Basi yetu imezidi miaka 60. Walimu wetu watusamehe, lakini ni mkubwa wao.

Motere yake ni Kohler ya silendere moja, yenye nguvu ya farasi 7. Haipozwi kwa maji. Inapozwa kwa upepo. Huko Marekani watu wengi wanazitafuta hizi za zamani, wanazitengeneza nyumbani kwao, wanazipaka rangi yao ya njano na nyeupe mpaka zinaonekana mpya, na kuzipeleka ku maonyesho. Vipande vyake vingi bado vinauzwa kule. Kwetu haiko hivyo. Yetu iliachwa na wamisheni, na hapa tunataka ivute kigari cha kuni, cha mchanga na cha mavuno. Rangi itangoja.

Juu ya nini tulianza sasa? Ni kwa sababu Komite ya shule ilikuwa imekubali kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, wale wanaopima kwa kilo. Pesa zingesaidia paa ya mwaka wa kwanza, inayovuja. Tulikwenda kwa Bwana Prefe kuiombea. Alitusikiliza, akasema: «Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Ikiwaka, tutaongea. Isipowaka, inaenda ku mizani. Watoto wananyeshewa.» Hatukuwa na neno la kumjibu, maana alisema kweli.

2. Kuangalia kabla ya kufungua

Muzee mmoja, shemasi wa parwasi yetu, alikuwa fundi wa magari tangu ujana wake. Ateliye yake iko nyuma ya nyumba, chini ya mti wa avoka: meza ya mbao nzito, chuma cha kubania, na sanduku la vyombo. Tuliisukuma trakta mpaka kwake. Siku ile ile tulifika na funguo mkononi, tayari kufungua. Muzee akazichukua, akaziweka mezani.

«Wanangu, mnaenda wapi na hizo? Mgonjwa hamjamuuliza anaumwa nini.»

Akatupa kaye na kalamu. Siku mbili nzima tuliandika tu: nini iko, nini haiko, nini inazunguka, nini imekwama. Tulichoka, kusema kweli. Lakini mtu anayesoma Nehemia, sura ya pili, ataona kwamba yeye pia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku kuzunguka na kuangalia kuta zilizobomoka. Baadaye njo aliwaambia watu wajenge. Haya njo tuliyoandika:

a) Motere haizunguki hata kidogo.
b) Tanki ina kutu, na esansi ya zamani imekuwa kama gundi.
c) Chini ya kifuniko cha upepo mna kiota cha panya. Kwa motere isiyo na maji, kiota hiki kingeiua kwa moto hata kama ingewaka.
d) Batri haiko, na nyaya zimetafunwa.
e) Mafuta ya motere ni meusi, lakini hayana maji ndani. Hapa muzee alitabasamu mara ya kwanza.

3. Namna motere inavyopumua

Wenye kusoma fizika wakumbuke. Motere ya namna hii inafanya kazi kwa hatua nne. Kwanza pistoni inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na esansi. Pili inapanda na kuibana. Tatu buji inatoa cheche, hewa ile inawaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nne pistoni inapanda tena na kutoa moshi. Kwa hiyo motere inahitaji vitu vitatu tu: esansi na hewa kwa kipimo chake, kubanwa vizuri, na cheche kwa saa yake. Kama haiwake, kimoja cha hivi vitatu hakiko. Usibadilishe vipande ovyo ovyo. Tafuta kwanza ni kipi.

4. Kulegeza kilichokwama

Pistoni iliyokwama haipigwi nyundo. Tulitoa buji, tukamimina mu tundu lake mafuta ya motere yaliyochanganywa na petrole ya taa, tukangoja siku 5. Kila jioni tuliongeza kidogo. Siku ya tano muzee alishika gurudumu zito la motere kwa mikono miwili, akalisukuma pole pole mbele na nyuma. Likasogea kama upana wa kidole. Wote tulipiga kelele. Kufika jioni lilizunguka mzima.

Jambo lingine la kujua: bulo za mashine hii zinapimwa kwa inchi. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7. Ufunguo wetu wa 13 unaingia, lakini unacheza, na ukilazimisha unakula pembe za kichwa mpaka kinakuwa mviringo. Muzee alikuwa na funguo chache za inchi, akatuonya tutumie hizo tu, na tutie petrole ku kila bulo usiku mmoja kabla ya kuifungua.

5. Kosa letu

Zilikuwa zimebaki siku 12. Muzee alikwenda kwa maziko, akatuambia tusiguse kichwa cha silendere mpaka arudi. Sisi tuliona siku zinaisha. Tukasema, tutamfurahisha. Tukafungua bulo za kichwa moja moja, zikakubali. Ya mwisho ilikuwa na kutu nyingi. Hatukutia petrole, hatukungoja. Tulitia bomba refu ku ufunguo ili kuongeza nguvu, na bulo ikakatika. Nusu yake ikabaki ndani ya chuma. Mkono uliokuwa ku ufunguo ulikuwa wetu sisi tunaoandika, si wa wadogo.

Tena tukafanya vibaya zaidi. Tulirudisha kile kichwa cha bulo mahali pake, tukakipaka grisi, ili kionekane kizima. Kijana mmoja wa mwaka wa tatu alituona, akanyamaza. Usiku ule tulikuwa na zamu ya kusimamia sala ya interna. Tulisimama mbele ya wadogo na kinywa kikavu. Mtu anayewaambia wengine wafagie na waseme ukweli, yeye mwenyewe ameficha chuma chini ya grisi!

Asubuhi kabla ya masomo tulikwenda kwa muzee tukamwambia yote. Alikaa kimya kwanza. Halafu akasema: «Bulo iliyokatika tunaweza kuitoa. Kama mngenyamaza, tungeifunga motere hivyo hivyo, pumzi ingetoka pale kila siku, na sisi tungetafuta ugonjwa ku karibiratere.»

Akatupeleka kwa sudere. Yule alichukua ekru, akaiweka juu ya kipande kilichobaki, akaziunganisha kwa moto. Moto wenyewe ulilegeza kutu. Ilipopoa, ufunguo uliingia ku ekru, na kipande kikatoka pole pole. Kazi hiyo ilikula siku 2 za muda wetu. Kwa malipo tulimchotea sudere maji na kulima shamba lake la maharagi. Wadogo hatukuwaita, deni lilikuwa letu.

6. Kurudisha

Kufungua kulikwenda haraka. Kurudisha kulikuwa kwingine. Hapa kaye ilitusaidia, maana kila bulo ilikuwa imeandikwa mahali pake.

Kichwa cha silendere: Tulikwangua makaa kwa kijiti cha mti mgumu, si kwa kisu, juu ya kichwa ni aluminiyumu, kinachubuka upesi. Kile kipande chembamba kinachokaa katikati ya kichwa na silendere kilikuwa kimeungua. Karatasi haifai pale. Muzee alikata kingine katika bati la shaba nyekundu la mtungi wa zamani, akalichoma mpaka likawa jekundu, akalitia ku maji. Shaba ikifanyiwa hivyo inakuwa laini na kuziba vizuri. Bulo tulizikaza kwa msalaba, kila moja kidogo, tukarudia mara tatu. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, kichwa kinapinda.

Cheche: Platini tulizisugua kwa karatasi ya msasa laini, tukaacha nafasi ya milimita 0.5. Buji tulisafisha, nafasi yake kama 0.6. Nyaya zilizotafunwa tukabadilisha.

Esansi: Tulitia vijiwe, maji na sabuni mu tanki, tukaitikisa kwa zamu mpaka kutu ikatoka, tukaianika. Karibiratere ilifunguliwa juu ya kitambaa cheupe ili kipande kisipotee. Vitundu vyake vilipitishwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Sindano ya chuma inapanua tundu, na kipimo kinaharibika.

Upepo na mafuta: Kiota cha panya kikatolewa chote, mapezi ya silendere yakapigwa brashi. Mafuta meusi yakamwagwa, mapya yakatiwa mpaka ku alama, si zaidi.

Batri tuliazima ile ya vipaza sauti vya kanisa, kwa ruhusa ya Mchungaji, tukiahidi kuirudisha kabla ya Siku ya Mungu.

7. Siku ya kuiwasha

Zilibaki siku 2. Bwana Prefe alikuja mwenyewe. Tuliisukuma nje ya ateliye, maana moshi wa motere mahali palipofungwa unaua mtu bila harufu kali ya kumwonya. Mara ya kwanza ilizunguka tu. Mara ya pili vile vile. Muzee akatuambia: «Vitu vitatu. Mliandika.» Tukatoa buji: cheche iko. Kidole ku tundu: pumzi inasukuma. Basi ni esansi. Kumbe robine ya tanki tuliisahau imefungwa! Tukaifungua, na mara ya tatu ikawaka, na moshi mweupe wa mafuta yale ya siku tano ukatufunika sisi wote pamoja na Bwana Prefe.

Hakusema mengi. Siku iliyofuata Komite iliamua: trakta ibaki kwa majaribio, na kila lita ya esansi iandikwe. Kuni za interna zinaletwa nayo. Majirani wanaotaka kubebewa mchanga wanalipa kidogo, na pesa zinaingia mu sanduku la paa. Mpaka leo sanduku limenunua mabati 4. Paa bado inavuja upande wa dirisha, hatufichi. Breki ya trakta nayo bado ni dhaifu, kwa hiyo ni marufuku kuipeleka ku mteremko au kupanda juu ya kigari.

Sisi tunamaliza mwaka huu. Kaye iko kwa msimamizi wa ateliye, na ukurasa wa bulo iliyokatika uko ndani yake, na majina yetu chini. Wadogo watakaoandika kosa lao waliandike siku ile ile.

Maswali ya kujipima

1. Taja vitu vitatu ambavyo motere inahitaji ili iwake. Unajaribuje kila kimoja?
2. Juu ya nini ufunguo wa 13 haufai ku bulo ya nusu inchi?
3. Kwa nini kiota cha panya ni hatari zaidi kwa motere isiyo na maji?
4. Soma Nehemia sura ya 2. Alifanya nini kabla ya kusema na watu, na ingekuwaje kama angeanza kwa kujenga?

Msimamizi wa wanafunzi, pamoja na wenzake wa mwaka wa sita.