Siku Tatu Shamba: Mapumziko Mafupi na Afya ya Kaya

Watu wengi wa mjini wakipata likizo huimalizia kwenye ujenzi au kwenye shughuli: harusi, msiba, arobaini, kikao cha ukoo. Hurudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka, na mfukoni hamna kitu. Kijitabu hiki kinahusu safari ya namna nyingine, ya siku mbili tatu, kwenda mahali penye miti na utulivu bila shughuli ya mtu yeyote. Tumechukua mfano wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, kwa kuwa kaya ya Dar es Salaam inaweza kufika huko kwa basi ndani ya siku moja. Ushauri wenyewe unafaa pia kwa anayekwenda Uluguru, Rungwe au kijijini kwao.

Kwa nini siku chache

Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wafanyakazi kabla ya likizo, wakati wa likizo na baada ya kurudi. Waliona kwamba watu hupata nafuu ya kweli wakiwa mapumzikoni, ila nafuu hiyo hufifia upesi wakisharudi kazini. Kwa hiyo likizo moja ndefu mwezi Desemba haiwezi kumbeba mtu mwaka mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya siku 28 kwa mwaka, na sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu hupatikana siku tatu bila hata kuigusa likizo hiyo. Dada wa kazi naye ni mfanyakazi. Kumchukua Lushoto akaoshe vyombo huko hakuhesabiki kuwa likizo yake.

Kuhusu miti yenyewe, watafiti nchini Uingereza mwaka 2019 walipitia majibu ya watu karibu 20,000. Waliokaa nje penye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa wepesi zaidi kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha yao. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya, maana mwenye afya ndiye atokaye nje zaidi. Hata hivyo, kutembea kwenye msitu wa Magamba huko Lushoto asubuhi, polepole, simu ikiwa imezimwa, ni mazoezi ya mwili, na hilo halina ubishi.

Mama naye apumzike

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Baba ananyoosha miguu barazani akitazama bonde, watoto wanakimbizana, na mama yuko jikoni akipuliza moto kama alivyokuwa Mbagala, ila sasa hajui hata chumvi imewekwa wapi. Akirudi mjini husema amefurahi, kwa adabu tu.

Kaeni kikao kidogo kabla ya safari. Pangeni nani atapika siku ipi, nani ataogesha watoto, nani ataamka usiku mtoto akilia. Pale panapouzwa chakula, tengeni fedha ya mlo mmoja wa kununua kwa siku, hata kama ni wali maharage. Soko la Lushoto lina karoti, kabichi na matunda ya nchi za baridi kama peasi na plamu. Mboga za kuchemsha pamoja na matunda yaliyooshwa kwa maji safi zinatosha kuwa chakula cha jioni, wala hazihitaji saa tatu za kusimama jikoni.

Jambo jingine la kukubaliana ni simu. Waambieni jamaa na ofisi mapema kwamba mtapatikana kwa dharura, kisha mteue mtu mmoja wa kupokea dharura hizo. Na usingizi usionewe aibu: mtu mzima anahitaji angalau saa saba kwa usiku, na wengi wetu mjini hatuzipati.

Njiani

Kutoka Mombo hadi mjini Lushoto barabara inapanda kwa kona nyingi, kupitia Soni. Mtoto anayetapika garini akae mbele, atazame mbali, ale kidogo kabla ya kupanda. Msijinyime maji kwa kuogopa kukosa choo. Basi likisimama, shukeni mtembee; kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu si kuzuri, hasa kwa wajawazito na wazee.

Baridi na jiko la mkaa

Lushoto iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini yake kwa takribani mita 1,000. Kwa kupanda kiasi hicho joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Mwezi Julai usiku mgeni wa pwani hutetemeka, na wazo la kwanza humjia: tuingize jiko chumbani.

Msifanye hivyo. Mkaa unapowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Watu hudanganyika wakiona mkaa umekolea, mwekundu, hautoi moshi, wakadhani ni salama. Gesi hiyo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ombeni blanketi la pili, vaeni soksi, lazeni watoto katikati. Wakiwapo watu walioanza kuumwa kichwa pamoja katika chumba chenye jiko, watoeni nje mara moja, kisha muwapeleke hospitali.

Mwenye selimundu ajihadhari zaidi, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali. Avae nguo nzito tangu jioni, anywe maji hata kama hasikii kiu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mkononi, isiwe kwenye begi lililo chini ya basi.

Dawa za kila siku

Mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dawa za siku zote za safari na za siku mbili tatu za ziada, pamoja na kadi ya kliniki. Wako wanaoacha vidonge wakiwa mapumzikoni kwa kuwa wanajisikia vizuri. Kujisikia vizuri hakupimi presha. Insulini isiachwe juani wala kwenye gari lililofungwa.

Mbu

Baridi ya milimani huchelewesha ukuaji wa vimelea vya malaria ndani ya mbu, ndiyo maana malaria huko juu ni kidogo kuliko tambarare. Kidogo si sifuri, na njiani mnapita Korogwe na Mombo kwenye joto. Bebeni vyandarua vyenu. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, yaani mkiwa mmesharudi nyumbani na kusahau safari. Mtu akipata homa wakati huo, msinunue dawa kwa kubahatisha. Aende kituo cha afya akapimwe siku hiyohiyo, hasa mtoto wa chini ya miaka mitano au mjamzito, na amweleze mhudumu alikokuwa na kama alilala ndani ya chandarua.